Timu haifungi magoli? Straika muache kwanza

Wakuu, hii ni kwa makocha na makapteni wa timu za mchangani huku kwetu Mtwara na Lindi, wale ambao timu inakaba vizuri tu lakini inafungwa moja bila, mechi inayofuata bila bila, halafu moja bila tena, na filimbi ya mwisho ikilia watu wote wanamzunguka namba tisa kama vile kaiba kuku. Mi nasema namba tisa muacheni kwanza. Timu nyingi nilizoziona zikiwa butu mbele, ubutu wenyewe unaanzia kati au nyuma kabisa, straika anabeba lawama kwa vile ye ndo alikuwa karibu na goli mpira ulipopaa.

Angalieni hata Namungo yetu ya Ruangwa. Msimu wake wa kwanza ligi kuu, 2019/20, ikafika fainali ya kombe la FA na kufungwa na Simba 2-1 tu. Msimu uliofuata ikaingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikakutana na Raja ya Morocco, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia, ikapoteza mechi zote sita. Mafowadi hawakusahau mpira ndani ya miezi michache, ila walikutana na timu ambazo zinakata mpira kabla haujawafikia.

Kwa hiyo kabla hujabadilisha mtu, hesabu. Tafuta dogo mmoja asiyecheza, asiwe na ndugu kwenye timu, mpe daftari na kalamu akae pembeni peke yake. Anaandika vitu vitatu: mara ngapi tumeingiza mpira ndani ya kumi na nane ya wapinzani (lile boksi la penalti mbele ya goli lao), mara ngapi tumepiga shuti, na mara ngapi shuti limelenga goli. Akiweza aongeze mpira umeingilia wapi, kulia, kushoto au kati. Akae mbali na washangiliaji maana akianza kushangilia daftari linabaki jeupe.

Hii ya kuhesabu Waaustralia kwenye ule mpira wao wanaocheza kwa mikono na miguu wanaichukulia siriasi mno. Kule ni watu 18 kwa 18, uwanja una umbo la yai, kila upande nguzo nne, ukipiga ukapita kati ya zile mbili ndefu unapata pointi 6, ukipita pembeni yake unapata 1, yaani hata kukosa kidogo kunaandikwa. Kuna mstari umechorwa mita 50 kutoka golini na kila timu ikiingiza mpira humo inahesabiwa. Kocha wa kule akifungwa anatazama, kama tumeingia mara nyingi na pointi hamna basi shida iko kwa mafowadi au kwa namna tunavyowaletea mpira, kama tumeingia mara chache basi viungo ndo wamezidiwa na mafowadi unawaonea bure. Wanahesabu hadi mara ngapi mafowadi wamemkaba mpinzani humo humo ndani wakamzuia asitoke na mpira. Sisi daftari la mia tano linatosha.

Mechi mbili tatu zikishaandikwa utajua uko wapi.

Kama mnaingia mara chache, shida ni safari ya mpira. Na huku pwani mchawi wa kwanza ni mchanga. Pasi ya kutambaa chini ya urefu wa mita 20 hivi inafia njiani, beki akishapoteza mpira hivyo mara mbili anaamua kubutua, akibutua straika anabaki peke yake anaruka na mastopa wawili, wale mabeki wa kati, waliomzidi kilo, na huo mchezo unaendelea dakika tisini. Dawa ni kupunguza umbali. Viungo wenu, namba nane na namba kumi, wasogee, pasi ziwe za mita nane au kumi, zipigwe kwa nguvu na ziende mguuni, usimpigie mtu mbele kwenye mchanga mzito ukitegemea mpira utaserereka. Mazoezini weka mraba wa chupa za maji zilizojazwa mchanga, wanne nje wawili ndani, wakifikisha pasi tano mpira lazima utoke uende kwa straika aliyesimama nje ya mraba kaipa goli mgongo na beki yuko nyuma yake. Straika anarudisha kwa mguso mmoja, mtu wa tatu anapita anakwenda kupiga.

Hapo kwa straika kaa napo sana. Wengi wanapokea wamesimama wima miguu imeshikana, beki akigusa kidogo tu mtu yuko chini anaangalia refa. Mwambie akunje magoti, miguu ipanuke, akae nusu ubavu na mkono uwe unamhisi beki alipo bila kumsukuma, halafu apokee kwa mguu ulio mbali na beki. Hiyo peke yake inabadilisha mtu, nimeona vijana wembamba kabisa wakiwatesa mastopa wanene kwa sababu mpira beki haufikii bila kucheza faulo.

Kama mnaingia sana ila mashuti machache, basi kumi na nane yenu ni tupu. Krosi inakuja, ndani yupo mmoja, wengine wanatazama kama mashabiki. Weka sheria, winga akishika mpira pembeni wanaingia watatu: mmoja nguzo ya karibu, mmoja nguzo ya mbali, mmoja usawa wa penalti. Wa nne anabaki nje kidogo ya kumi na nane anasubiri mpira utakaotemwa. Yule wa nguzo ya mbali ni winga wa upande wa pili na ndo mtata kuliko wote, maana mawinga wetu wanapenda kusimama kwenye mstari wananyoosha mkono waletewe. Asipoingia mtoe, mara moja tu, wengine wataelewa. Na magoli siyo lazima yatoke kwa namba tisa, msimu wa 2023/24 mfungaji bora wa ligi kuu alikuwa Aziz Ki wa Yanga, magoli 21, na ni kiungo mshambuliaji anayetokea nyuma ya straika.

Krosi zenyewe jamani. Kwenye viwanja vilivyo wazi karibu na bahari msimu wa kusi ukipiga mpira juu ni upepo ndo unaamua unakwenda wapi. Kapteni kabla ya kurusha shilingi arushe mchanga kidogo juu aone upepo unaelekea wapi. Mkicheza dhidi ya upepo hamna krosi ya juu, winga aende mpaka karibu na mstari wa goli arudishe mpira chini kwa nyuma, mabeki wakati huo wanakimbilia goli lao na mpira unapita migongoni mwao, mtu wa usawa wa penalti anaukuta. Mkipata upepo nyuma yenu pigeni mashuti mapema, kipa ahangaike nao.

Kama mashuti ni mengi na yanapaa, hapo sasa tunaongelea umaliziaji, lakini usikimbilie kumfukuza mtu, tazama kwanza mnavyofanya mazoezi. Timu nyingi wanapanga foleni, mpira mmoja, mtu anampa kocha, kocha anaurudisha, jamaa anakandamiza kutoka mita 25, mpira unaingia kwenye mikorosho, watu wanapiga stori mpaka urudi. Kwa saa nzima kila mtu kapiga mashuti ya kuhesabika kwa vidole. Ingia ndani ya kumi na nane. Funga jezi mbili kwenye nguzo chini kabisa, huko ndo pa kulenga, mguso mmoja au miwili basi, na beki awe anakuja kweli. Atumie upande wa ndani wa mguu, aupasie mpira golini. Na mguu wa kushoto ufanye kazi, siyo wa kusimamia tu. Nyuma ya kila shuti lazima mtu wa pili akimbilie kipa, makipa wa mchangani wanatema sana na wengi wetu tunasimama kuangalia.

Mipira ikiwa michache, na najua ni michache, kaeni na kamati. Kwenye timu nyingi kuna kafungu ka “ufundi”, tusiulizane ufundi gani, hela ile ingenunua mipira na bado ikabaki ya maji.

Kingine ni kukaba mbele, hapa naiga Waaustralia waziwazi. Kwenye mchanga beki akipokea mpira anahitaji mguso wa pili ndo utulie, basi straika amfuate mguso wa kwanza ukiwa bado hewani na winga afunge pasi ya karibu. Msikimbize dakika zote tisini, kwa jua letu mtakufa, fanyeni dakika kumi za kwanza na kumi baada ya mapumziko.

Msimu wa korosho, kuanzia mwezi wa kumi hivi, nusu ya timu iko shambani au ghalani, wala usigombane nao. Wakija wachache fanyeni ule mraba na umaliziaji tu, mbinu za kona subirini watu watimie.

Baada ya yote hayo namba tisa bado anakosa peke yake na kipa? Basi mpeleke pembeni, muweke winga wenu mwenye roho ngumu katikati, na huyo uliyemtoa ongea naye nyinyi wawili, siyo mbele ya timu.

Penalti mpigaji ajulikane kabla ya mechi na wa akiba ajulikane, siyo kugombania mpira mbele ya refa. Wa akiba asiwe fowadi, maana anayeangushwa mara nyingi ni fowadi na anakuwa bado anachechemea.