Kupanga utafiti wa haki jinai utakaomsaidia mwenye kuamua

Anza na uamuzi, si mada. "Msongamano wa mahabusu" ni mada. Uamuzi ni huu: je, mahakama iwatumie washtakiwa walio nje kwa dhamana ujumbe wa simu siku 3 kabla ya kesi? Muulize mwenye mamlaka ni matokeo gani yatamfanya aache. Akijibu kwamba ataendelea kwa vyovyote vile, tafuta swali jingine.

Kisha piga hesabu ya sampuli. Kama washtakiwa 40 katika kila 100 hawafiki na unatarajia washuke hadi 30, utahitaji watu wapatao 360 kila kundi (wanaopata ujumbe na wasiopata), kwa nguvu ya kitakwimu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuiona tofauti ikiwa kweli ipo) na kiwango cha kosa cha asilimia 5 (uwezekano wa kuona tofauti wakati haipo). Ukitarajia washuke hadi 35 tu, kila kundi lipate kama 1,470. Ukiwa na watu 60, kusema mpango "haukusaidia" ni kuuonea.

Wagawe kwa bahati nasibu, na orodha ishikwe na mtu asiyewajua. Karani akiachiwa kuchagua atawapa ujumbe wale anaoona ni wasikivu. Nia yake njema, lakini ulinganisho umeshaharibika.

Muda wako mwingi uende kwenye kipimo. Kaa masjala, fungua majalada 50, uyasome mwenyewe. Neno "hakufika" utalikuta limeandikwa kwa aliyetoroka, kwa aliyelazwa hospitalini, na hata kwa aliyekuwa amesimama mlango wa chumba kingine jina lake likiitwa. Yatenganishe kabla ya kuhesabu. Vivyo hivyo, idadi ya waliokamatwa tena inapima pia doria za polisi zilielekezwa wapi, si uhalifu peke yake.

Mahabusu hawezi kukataa kwa uhuru askari akiwa anasikia. Mhoji kwa faragha, mweleze kwamba jibu lake haligusi dhamana wala kesi, na usimuulize makosa ambayo hajashtakiwa: daftari lako linaweza kuitwa kama ushahidi.

Mwisho, andika mapema dalili za madhara na nani atasimamisha kazi zikionekana. Marekani, mpango wa Scared Straight uliwapeleka vijana magerezani ili waogope uhalifu. Majaribio ya nasibu yalipounganishwa, ilionekana vijana hao walitenda makosa zaidi kuliko wenzao ambao hawakupelekwa.