Namna ya Kutabiri Upepo, Vumbi na Mvua Haba Jangwani El Paso

Mwezi Machi na Aprili katika jangwa la Chihuahua, hasa El Paso, jimboni Texas, na kusini mwa New Mexico, upepo ndio wa kutabiriwa kwanza na mvua mwisho. Kwa wastani Aprili haifikishi milimita 10, na mvua za kutegemewa husubiriwa hadi Julai.

Anzia juu. Tazama ramani ya upepo wa hektopaskali 700 (kipimo cha mgandamizo wa hewa), yaani kimo cha takriban mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, uone kama kuna bonde la mgandamizo mdogo linalosogea kutoka California kuelekea mashariki. Kisha soma vipimo vya puto la hali ya hewa linalorushwa alfajiri kutoka Santa Teresa, New Mexico, karibu na El Paso, ukadirie jua litaichanganya hewa hadi kimo gani. Ardhi ikishachomwa na jua, hewa ya chini hupanda, na inapofika kwenye upepo ule wa juu, kasi ya upepo huo hushuka hadi mitaani. Ndiyo maana asubuhi tulivu kabisa inaweza kufuatiwa na alasiri ya kung'oa mabati. Mawingu mazito yakitanda tangu mapema, punguza makadirio yako, kwa kuwa ardhi haitapata joto la kutosha.

Kwa vumbi, kasi peke yake haitoshi: chunguza upepo unapita wapi. Ule wa magharibi au kusini-magharibi hupita juu ya maziwa yaliyokauka ya kaskazini mwa jimbo la Chihuahua, Meksiko, na picha za GOES, setilaiti za hali ya hewa za Marekani, huonyesha michirizi ya vumbi ikianzia humo. Sehemu ya kuogopewa zaidi ni Lordsburg Playa, kusini-magharibi mwa New Mexico, ambako barabara kuu ya I-10 hukatiza kwenye sakafu ya ziwa kavu na ajali za vumbi zimeua watu. Kama sakafu hiyo bado ina maji ya majira ya baridi, vumbi lake litapungua sana.

Mvua ipime kwa kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo unyevu wake huanza kuwa matone. Joto likiwa nyuzi 27 za Selsiasi na kiwango cha umande nyuzi 5 chini ya sifuri, kitako cha wingu hukaa karibu mita 4,000 kutoka ardhini, na matone mengi hukauka njiani. Hapo usiridhike kuandika uwezekano wa mvua wa asilimia 10 na kuondoka: ukaukaji huo huipoza hewa, ikawa nzito, ikaporomoka na kutimua vumbi upya, huku radi isiyo na mvua ikiweza kuwasha nyasi. Pandisha uwezekano pale tu mgandamizo mdogo unapopitia kusini, juu ya Baja California na Sonora, au upepo wa mashariki unapoleta unyevu wa Ghuba ya Meksiko na umande ukapanda waziwazi.

Katika taarifa yako, taja kwanza saa upepo utakapoanza na kipande cha barabara kitakachofunikwa na vumbi, ndipo uandike asilimia ya mvua.