Jinsi ya kumaliza shauri la madai kwa usuluhishi kabla halijasikilizwa

Mdaawa anayefungua shauri la madai katika Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu hapa Dodoma asishangae anapoambiwa, baada ya hati ya madai na utetezi wa maandishi kukamilika, kwamba shauri lake linapelekwa kwanza kwa msuluhishi. Amri ya VIII ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inaitaka mahakama iwape wadaawa nafasi ya kupatana kabla ya ushahidi kuanza kusikilizwa, na utaratibu huo umo katika sheria yetu tangu mwaka 1994. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi huichukulia hatua hii kama kituo cha kupita tu: huenda mikono mitupu, hukaa nusu saa wakirudia yale yaliyomo kwenye hati, kisha hutoka kama walivyoingia na kuanza safari ya miaka ambayo wangeweza kuiepuka.

Maandalizi huanza na hesabu. Tuseme kikundi cha wakulima wa zabibu wa Hombolo kimempelekea mnunuzi kilo 30,000 kwa bei ya shilingi 2,000 kwa kilo, yaani shilingi 60,000,000, naye amelipa 20,000,000 na kukataa salio la 40,000,000 kwa madai kwamba kilo 4,000 zilifika zimeoza. Kwenye hati ya madai ugomvi huo unasomeka kuwa wa milioni 40. Ukikaa na karatasi na kalamu, utaona kwamba zabibu zinazobishaniwa zina thamani ya shilingi 8,000,000, na kwamba milioni 32 hakuna anayezikataa kwa hoja yoyote, ila zimeshikiliwa pamoja na zile nyingine. Mdai aliyeifanya hesabu hiyo nyumbani huingia kikaoni akijua anajadili nini, na huweza kujiuliza bila hasira ni kiasi gani cha hizo milioni nane yuko tayari kukiacha ili alipwe kabla ya msimu ujao, akilinganisha na ada ya wakili, nauli za mashahidi na siku za shamba atakazozipoteza kila shauri linapoahirishwa.

Hesabu hiyo ndiyo itakayokusaidia kuandika muhtasari wa hoja zinazobishaniwa, ambao kila upande unatakiwa kuuandaa na kumpa msuluhishi pamoja na upande wa pili siku saba kabla ya kikao. Uandike kwa ufupi na uambatishe nyaraka zenye uzito: mkataba, hati za mapokezi ya mzigo zilizosainiwa, stakabadhi za malipo ya benki. Picha za matenga yaliyooza, kama zipo, ziwekwe mezani mapema, kwa sababu mtu hukubali kushusha madai yake anapoona jambo kwa macho kuliko anapohubiriwa.

Jambo la pili ni mamlaka. Anayehudhuria awe na uwezo wa kukubali au kukataa papo hapo. Kikundi au kampuni kimpe mwakilishi wake azimio la maandishi la kamati au bodi, linalotaja kiwango cha chini anachoruhusiwa kukipokea. Na ikiwa lazima mtu mwingine aridhie, sheria inataka kuwe na njia ya kumpata wakati kikao kikiendelea, kwa hiyo mwenyekiti aliyebaki kijijini asizime simu. Vilevile, ikiwa mapatano yatagusa nyumba ya familia, ridhaa ya mwenzi wa ndoa itafutwe mapema, vinginevyo mnajitengenezea shauri jingine.

Usikose kikao. Mdai asipofika bila sababu ya msingi, shauri lake linaweza kufutwa. Mdaiwa asipofika, utetezi wake unaweza kuondolewa. Na yeyote kati yao anaweza kuamriwa kulipa gharama.

Ndani ya kikao, sema kwa uwazi kuliko ambavyo ungesema kizimbani. Msuluhishi hatoi hukumu, na mazungumzo ya usuluhishi ni siri: mnunuzi akisema yuko tayari kulipa milioni 35, kauli hiyo haiwezi kutumika baadaye kama ushahidi kwamba amekiri deni. Mara nyingi msuluhishi huzungumza na kila upande peke yake. Tumia nafasi hiyo kumweleza kinachokuuma kweli, maana wakati mwingine mkulima anachotaka ni uhakika wa soko la mavuno yanayofuata, jambo ambalo hukumu ya mahakama haiwezi kumpa lakini mapatano yanaweza. Muda wote wa usuluhishi hauzidi siku 30 tangu kikao cha kwanza, kwa hiyo msiutumie kuombana tarehe.

Mkikubaliana, kazi ngumu inabaki kwenye maandishi, na hapa naomba msomaji awe makini sana. Sentensi kama “mdaiwa atalipa deni kadiri atakavyopata fedha” haina thamani, kwa kuwa hakuna siku ambayo mtu anaweza kusema imevunjwa. Andikeni kwamba mdaiwa atalipa shilingi 36,000,000 kwa awamu nne za shilingi 9,000,000, kila awamu ifikapo siku ya mwisho ya mwezi uliotajwa, kupitia akaunti iliyotajwa. Kwamba akichelewesha awamu moja kwa zaidi ya siku saba, salio lote litadaiwa mara moja. Na kwamba mdai ataomba kukaza tuzo, yaani amri ya mahakama inayotokana na mapatano hayo itekelezwe kwa nguvu, bila kufungua shauri jipya. Semeni pia nani anabeba gharama za shauri. Hati hiyo isainiwe na pande zote na isajiliwe mahakamani ili iwe tuzo, na kila mmoja aisome kwa utulivu kabla ya kusaini, kwa sababu tuzo inayotokana na makubaliano haikatiwi rufaa.

Wenye migogoro ya viwanja na mashamba, ambayo Dodoma hatuipungukiwi, wafahamu kwamba njia yao ni tofauti kidogo. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena uamuzi wa ardhi, kazi yake ni kusuluhisha. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halisikilizi shauri mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, isipokuwa pale siku 30 zinapopita bila suluhu.

Usuluhishi ukishindikana, jalada hurudi kwa hakimu au jaji wa shauri na usikilizwaji hupangwa, lakini wadaawa bado wanaweza kupatana wenyewe wakati wowote kabla ya hukumu na kuiomba mahakama iyasajili makubaliano yao. Ukifanikiwa, usiondoke masijala bila kuomba nakala iliyothibitishwa ya tuzo, na ulinganishe kila tarehe na kila kiasi na hati mliyosaini.