Jinsi ya Kuingiza Feleji, Kitara na Jambia katika Mchezo wa Dadu

Anayeanza kuongoza mchezo wa kuigiza mashujaa mezani, akifungua orodha ya silaha, hukuta nyingi ni za Ulaya, na hapa Unguja haupiti muda kabla mchezaji mmoja hajauliza feleji iko wapi. Swali hilo linastahili jibu la uangalifu, kwa sababu anayetaka shujaa wake ashike upanga wa Kiomani, ule unaochezewa razha, ngoma ya panga, huwa anajua vizuri anachokitaka.

Kwanza inafaa kuelewa kanuni zenyewe zinapima nini. Dungeons & Dragons, mchezo ambao kanuni zake ndizo tunazozitumia hapa, ulipotoka mwaka 1974, silaha zote zilijeruhi kwa dadu moja ya pande 6, iwe kisu au upanga wa mikono miwili; mwaka uliofuata ndipo nyongeza ya kanuni ilipozipa dadu mbalimbali. Katika toleo la tano, la mwaka 2014, upanga mfupi hutupiwa dadu ya pande 6, upanga mrefu dadu ya pande 8, au ya pande 10 ukishikwa kwa mikono miwili, na upanga mkubwa dadu 2 za pande 6. Hata hivyo, dadu peke yake haitoshi kuutambulisha upanga. Wastani wa dadu ya pande 6 ni 3.5 na wa ile ya pande 8 ni 4.5, yaani pengo la alama moja tu, ambalo mchezaji haligundui upesi. Anachokigundua kila zamu ni kazi ya mkono wake wa pili: kubeba ngao, inayoongeza alama 2 za kinga, kushika silaha nyingine, au kuusaidia mkono wa kwanza. Kwa hiyo, kabla hujachagua dadu, jiulize upanga wako ulishikwaje.

Feleji ni upanga mrefu ulionyooka, wenye makali pande zote mbili, na bapa lake jembamba hutetemeka mchezaji wa razha anapoutikisa. Ulikwenda pamoja na ngao ndogo ya duara. Jina la upanga mrefu linavutia, lakini safu hiyo ya orodha haiifai feleji, maana sifa ya pekee ya upanga mrefu wa kanuni ni kumwezesha mtu aiache ngao na kuongeza mkono wa pili. Safu inayoufaa ni ya rapier, upanga mwembamba wa kuchomea: dadu ya pande 8, mkono mmoja, na ruhusa ya kutumia wepesi wa shujaa badala ya nguvu zake. Badilisha aina ya jeraha tu, kutoka kuchoma kuwa kukata, na uache bei ile ile ya sarafu 25 za dhahabu. Kijana mmoja tunayecheza naye barazani alidai dadu ya pande 12, kwa hoja kwamba feleji ni upanga wa heshima. Nilimkatalia, kwa kuwa heshima ya upanga huonekana katika namna wahusika wengine wanavyompokea mwenye nao, na hilo ni jukumu la msimuliaji, si la dadu.

Kitara, kwa kuwa kimepinda, kimo tayari orodhani kwa jina la scimitar: dadu ya pande 6, jeraha la kukata. Hapo pana jambo linalonisumbua. Kanuni zinakiita silaha nyepesi, ambayo mtu anaweza kupigana nayo moja kila mkono, lakini zinakiandikia uzito wa ratili 3, sawasawa na upanga mrefu, ambao haukuitwa mwepesi. Mimi huiacha sifa hiyo, kwa sababu nikiiondoa kitara hukosa kinachokitenganisha na feleji, ila uzito huushusha hadi ratili 2 kama wa upanga mfupi. Kuiingiza sime si kazi kubwa. Itumie safu ya upanga mfupi ilivyo.

Jambia linahitaji mkono mwangalifu zaidi. Kisu cha kanuni, chenye dadu ya pande 4, kinaweza kurushwa, na jambia lililopinda halikutengenezwa kwa kurushwa, kwa hiyo ruhusa hiyo iondoe. Badala yake zingatia kwamba huvaliwa mbele kiunoni, mkono unapolifikia bila kutafuta, na uamue kwamba kulichomoa kutoka katika ala yake kusihesabiwe kamwe kuwa shughuli ya zamu.