Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuweka Programu ya Kuandikia kwenye Kompyuta Mpya

Kompyuta ikishatolewa kwenye boksi, muuzaji huuliza swali moja tu: "Nikuwekee Word?" Usimjibu papo hapo.

Kwanza tazama kilichomo. Kompyuta nyingi za Windows huja na Microsoft 365, kifurushi chenye Word ndani yake, ya majaribio ya mwezi mmoja, na muda huo ukiisha bila kulipia utaweza kufungua na kuchapisha nyaraka zako, lakini hutaweza kuongeza hata nukta. WordPad, ambayo wengi tuliitegemea kwa barua fupi, iliondolewa katika Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 la mwaka 2024.

Pili, fahamu unacholipia. Microsoft 365 hulipiwa kila mwezi au kila mwaka, ilhali ipo pia Office, yenye Word vilevile, inayonunuliwa mara moja. Ukiuziwa Office 2016 au 2019 kwa bei ya kutupa, kumbuka kwamba Microsoft iliacha kuzitolea marekebisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Programu iliyovunjwa leseni usiikubali kabisa, kwani mara nyingi anayeiweka huanza kwa kuzima kinga ya virusi.

Tatu, pima intaneti yako. Google Docs, programu ya kuandikia ndani ya kivinjari, haina malipo, lakini bando likiisha itakufaa tu ikiwa uliwasha mapema utaratibu wa kuandika nje ya mtandao. LibreOffice, kifurushi cha programu za ofisi kinachowekwa kwenye kompyuta, nayo ni ya bure. Ukishaipakua, takriban MB 350 kwa Windows, huhitaji tena intaneti ili uandike.

Nne, na hili hakuna aliyenieleza: uliza nyaraka zako zitafunguliwa wapi. Nilipokuwa katibu wa chama chetu cha kuweka na kukopa, niliandika taarifa ya mwaka kwenye kompyuta mpya, kwa fonti iliyonipendeza macho, kurasa 22 zilizopangika vizuri. Asubuhi ya mkutano mkuu nilipeleka flashi steshenari, nikaagiza nakala 80, nikaenda kusimamia upangaji wa viti. Kompyuta ya pale haikuwa na fonti ile, ikaweka nyingine yenye herufi pana zaidi. Kurasa zikawa 25, namba za ukurasa wa yaliyomo zikapotea njia, na jedwali la akiba likasukumwa kulia hadi safu ya mwisho, yaani salio, ikaangukia nje ya karatasi. Nilizipokea nakala zikiwa zimeshabanwa pini, nikazigawa bila kuzifungua.

Mzee mmoja aliyekuwa akiweka akiba tangu chama kinaanzishwa alisimama, kitabu chake mkononi, akauliza: "Katibu, salio letu limekwenda wapi?" Ukumbi mzima ukanyamaza. Jaribu kuwaeleza watu habari za fonti wakati wanachokiona mbele yao ni karatasi ya fedha isiyo na salio! Ajenda ya mapato na matumizi iliahirishwa kwa wiki mbili, na katika wiki hizo mhazini wetu, mtu mwaminifu sana, alitazamwa kama mwizi.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua, chukua waraka wako mzito kuliko yote, wenye majedwali, tanbihi na namba za kurasa, uufungue katika programu unayoifikiria, uuhifadhi, kisha ukaufungue kwenye kompyuta ya yule atakayeupokea. Writer, programu ya kuandikia iliyomo katika LibreOffice, kwa kawaida huhifadhi kwa fomati ya .odt; kama ofisi yako inatumia Word, ielekeze ihifadhi kwa .docx, fomati ya Word. Tumia fonti ya Liberation Serif, ambayo upana wa herufi zake umelinganishwa na Times New Roman, au Carlito, iliyolinganishwa na Calibri. Kinachokwenda kuchapishwa kitoke kama PDF, faili inayotunza mpangilio wa kurasa; .docx mpe yule tu anayetakiwa kusahihisha.

Tano, hakikisha programu inakijua Kiswahili, la sivyo kila mstari utajaa alama nyekundu. Kamusi ya tahajia ipo kwa Word na kwa LibreOffice pia, na tusisahau kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu iliyozaa LibreOffice, tangu mwaka 2004.

Mengine ni tahadhari za kawaida. Word hujiwekea nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Punguza ziwe 3 ikiwa umeme wa kwenu hukatika ovyo. Weka nakala ya pili nje ya kompyuta. Usikubali muuzaji aifungue programu kwa akaunti yake ya barua pepe, hata akisema utaibadilisha baadaye, na risiti yenye namba ya leseni usiiache dukani.