Kabla ya kupima makovu ya ini na mishipa ya damu kwa mwenye kisukari cha aina ya pili

Mwenye kisukari cha aina ya pili akiambiwa ini lake lina mafuta, huanza kuliogopa ini peke yake. Ukweli ni kwamba kinachoongoza kuwaua wagonjwa hawa ni magonjwa ya moyo na mishipa ya damu. Kwa hiyo ini likipimwa makovu, shinikizo la damu, figo, macho na miguu vipimwe pia bila kungoja dalili.

Kipimo cha kuanzia ni hesabu ya FIB-4, ambayo hukadiria makovu ya ini kwa umri na vipimo vya damu, na haihitaji mashine ya pekee. Zidisha umri kwa AST (kimeng'enya cha ini na misuli kinachopimwa kwenye damu). Kisha zidisha chembe sahani za damu (zinazosaidia damu kuganda) kwa kipeuo cha pili cha ALT (kimeng'enya kingine cha ini), halafu gawanya jibu la kwanza kwa la pili. Mwenye miaka 56, AST 40, ALT 36 na chembe sahani 210 hupata 1.78. Jibu chini ya 1.3 linaonyesha uwezekano mdogo wa makovu makubwa, juu ya 2.67 uwezekano ni mkubwa, na katikati panahitaji kipimo kingine. Kwa waliovuka miaka 65, mpaka wa chini ni 2.0. Walio chini ya miaka 35 wasiitegemee.

Sasa mtu huyohuyo apime akiwa na malaria, chembe sahani zimeshuka hadi 90. FIB-4 yake inaruka hadi 4.15, na ini ni lilelile! Dengi nayo hushusha chembe sahani. Basi pona kwanza, ndipo upime, na damu ya vipimo vyote vitatu itolewe siku moja. Mazoezi makali au kazi ya kubeba mizigo hupandisha AST kutoka kwenye misuli, hivyo pumzika siku kadhaa kabla. Aliyeishi kando ya Ziwa Victoria na kuugua kichocho cha tumbo amweleze daktari, kwani bandama iliyovimba hupunguza chembe sahani kwa muda mrefu. Homa ya ini B na C zipimwe, na kiasi cha pombe kisemwe bila kuficha.

FIB-4 haihitaji kufunga. Fibroskani, mashine inayopima ugumu wa ini, inahitaji: usile kwa saa 3 kabla, maana chakula huongeza damu iendayo kwenye ini na kulifanya lionekane gumu kuliko lilivyo. Anayetumia insulini au vidonge vinavyoweza kushusha sukari sana aombe miadi ya asubuhi na aulizie dozi yake mapema.

Kwa figo, peleka mkojo wa kwanza wa asubuhi upimwe uwiano wa albumini (protini) na kreatinini (taka inayotolewa na figo). Kuanzia 30 mg/g si kawaida, lakini UTI, homa, hedhi au mazoezi ya siku iliyotangulia huweza kuupandisha. Sampuli 2 kati ya 3, ndani ya miezi 3 hadi 6, ndizo zinazothibitisha. Siku ya macho usiendeshe gari, kwa sababu matone ya kupanua mboni hutia ukungu kwa saa kadhaa. Mwenye chembe za selimundu, hata wa kurithi upande mmoja, amwambie daktari kabla ya HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3), kwani jibu linaweza kupotosha.

Beba dawa zote, na za mitishamba pia, kwa sababu baadhi huumiza ini. Statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli, usiziache eti unalinda ini: kwa mwenye ini la mafuta kwa kawaida ni salama na huukinga moyo. Tahadhari ni kwa aliyefikia sirosisi (ini lililojaa makovu) yenye maji tumboni au macho kuwa ya manjano, na uamuzi huo ni wa daktari.