Jinsi ya kujitengenezea kalenda ya mezani ya anga ya 2027 (anga letu, sio la Ulaya)

Kalenda nyingi za anga zinazouzwa mtandaoni picha zake ni kali ila tarehe zimepangwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, unaambiwa Januari amka uangalie vimondo vya Quadrantids wakati huku karibu na ikweta vinatokea chini sana kaskazini na unaambulia vichache mno. Bora utengeneze yako.

Anza na tarehe, picha baadaye. Pakua Stellarium, programu ya kuonyesha anga, ni ya bure, weka mji wako, Mombasa, Dodoma, popote, afu pitia mwaka mzima. Angalia saa lakini, nyingi mtandaoni ni UTC (saa ya kimataifa), ongeza masaa 3 upate ya Afrika Mashariki. Tukio la 22:00 tarehe 17 kwetu ni saa 7 usiku na tarehe ishakuwa 18, ukilinakili kama lilivyo utakesha siku siyo.

Vimondo usiviandike bila kuangalia mwezi uko wapi. 2027 Eta Aquariids, yale mavumbi ya nyotamkia ya Halley, vinapamba moto alfajiri za 5 na 6 Mei na mwezi haupo kabisa, giza totoro, hiyo ipigie nyota tatu, watu watoke kuanzia saa 10 alfajiri waangalie mashariki. Geminids, vimondo vya 13 Desemba ambavyo kila mtu anavisifia, vinagongana na mwezi mpevu, we weka kialama kidogo tu yaishe.

2 Agosti ipe nafasi kubwa: jua linapatwa. Kupatwa kamili kunapita Misri, Saudia, Yemen mpaka Somalia, karibu na Luxor giza linazidi dakika 6, sisi Kenya na Tanzania tutaliona limemegwa tu mchana, so andika kwa wino mwekundu MIWANI MAALUM, ya jua ya kawaida haisaidii kitu. Ramadhani inatarajiwa kama 8 Februari, hiyo andika kwa penseli mpaka mwezi uandame 😄

Tupia na historia ya kwetu. 12 Desemba 1970 satelaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini Malindi, ya kwanza kabisa kutumwa kuchunguza miale ya eksrei angani, na jina ilipewa kwa sababu ya sikukuu ya uhuru wa Kenya.

Picha za NASA nyingi ni ruksa, taja tu chanzo na usiweke logo yao. Mwezi mmoja weka kimondo cha Mbozi, lile jiwe kubwa lililoanguka kutoka angani kule Songwe, Tanzania, hicho unakipiga mwenyewe na simu. Kabla ya kuprinti ongeza mwanga kwenye picha kwa sababu nyeusi ya kwenye skrini ikifika kwenye karatasi inameza nyota zote, printi ukurasa mmoja kwanza uone. Saizi A5 ya kulala, karatasi ya gsm 200 hivi, stendi ni kadibodi ngumu iliyokunjwa pembetatu, na stenshenari mwambie aweke spairo upande mrefu wa juu, akiiweka pembeni kurasa hazipinduki.